Divai Nyeupe Si Maji ya Chupa

Kuna kauli inanikera kila ninapokutana nayo katika makala za vyakula na vinywaji: kwamba divai nyeupe nzuri lazima iwe "safi". Ing'ae kama kioo, isiwe na chembe, isiwe na harufu ya ajabu, na ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Ukimmiminia mwandishi wa namna hiyo divai ya asili yenye ukungu na rangi ya asali, anakunja uso kabla hajaonja. Imeharibika, anasema. Mimi nasema hiyo ni hukumu ya macho, ulimi haujaulizwa. Na kwa kuwa hapa tuko wasomaji, naongeza kwamba ni hukumu ya lugha pia, tena lugha ya kuazima.

(Asiyekunywa asiondoke. Simwombi anywe, namwomba asome.)

Tuanze na hilo neno "nyeupe". Jamani, nani amewahi kuona divai nyeupe? Iko ya njano, iko ya kijani kwa mbali, iko ya dhahabu, na nyingine ni kama chai ya rangi. Kinachoitenga na nyekundu ni maganda zaidi ya kitu kingine: nyekundu huchacha pamoja na maganda yake, ile nyeupe ya kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando. Sasa nenda Kakheti, mashariki mwa nchi ya Georgia kule Kaukazi. Zabibu nyeupe aina ya Rkatsiteli hupondwa na kutumbukizwa zote, maji yake, maganda, mbegu, mara nyingi hata vikonyo, ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iitwayo qvevri. Mtungi umefukiwa ardhini hadi mdomoni, na ndani umepakwa nta ya nyuki. Hamira hainunuliwi, ile iliyokuja na zabibu kutoka shambani inatosha. Divai inakaa humo na maganda yake miezi mitano, sita. Ikitoka ina rangi ya kaharabu.

Vigae vya vyungu vilivyofukuliwa katika nchi hiyo vinaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza divai ya zabibu pale miaka 8,000 hivi iliyopita, na UNESCO iliuingiza ufundi wa qvevri katika orodha ya urithi wake mwaka 2013. Halafu mtu anakuja na glasi yake inayong'aa kutuambia hii ya mtungini ndiyo iliyokosea njia. Nani mgeni wa nani hapo?

Joško Gravner wa Oslavia, Italia, mpakani na Slovenia, alikuwa na kila kifaa cha kisasa. Mwaka 2000 alisafiri Georgia, na kuanzia 2001 zabibu zake za Ribolla zikaingia kwenye mitungi ya udongo. Jirani yake, Stanko Radikon, alikuwa ameshaanza kuchachusha nyeupe na maganda tangu 1995. Hawa si vijana waliokuwa wanatafuta sifa mtandaoni.

Watetezi wa "usafi" hupenda kusema divai ya asili ni ladha moja tu, ladha ya uchachu. Basi nionyesheni huo umoja. Kule Jura, Ufaransa, zabibu za Savagnin hutengenezewa divai ya njano ambayo hukaa miaka isiyopungua 6 na miezi 3 kabla ya kuuzwa. Pipa haliongezwi linapopungua, na juu ya divai hutanda utando wa hamira. Hukohuko, Pierre Overnoy wa kijiji cha Pupillin alijenga jina lake kwa kutotia salfa. Ukipanda hadi bonde la Loire unakuta zabibu za Chenin, zinazotoa divai kavu, tamu, hata yenye mapovu. Ukishuka Swartland, Afrika Kusini, ni Chenin hiyohiyo, kwenye mizabibu mikongwe isiyotegemezwa waya, na utadhani ni tunda lingine kabisa.

Salfa ndiyo penye ugomvi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, divai nyekundu kavu inaruhusiwa kuwa na miligramu 150 kwa lita. Nyeupe kavu, 200. Yaani hiyo "safi" ndiyo inayoruhusiwa dawa zaidi. Sababu inaeleweka: ukishaiondolea maganda umeiondolea na kinga yake, hewa ikiipata inageuka upesi. Wenzetu wa mitungini wanaiachia maganda ijilinde. Ufaransa ilipoitambua nembo ya hiari ya divai ya asili mwaka 2020, kikomo kiliwekwa miligramu 30. Na kumbuka, hadi Desemba 2023 chupa ya divai ya Ulaya iliuzwa bila orodha ya vilivyomo, wakati pakiti ya biskuti ililazimika kuvitaja vyote. Usafi gani huo wa kutoulizwa maswali?

Hapa ndipo lugha inapoingia. Wahakiki wetu wakionja kitu wanaandika habari za matunda ya vichakani Uingereza, ambayo wao wenyewe hawajawahi kuyatia mdomoni. Tunayo maneno! Divai iliyolala na maganda ina ukakasi, na aliyewahi kung'ata bibo bichi anajua ukakasi kuliko mhakiki yeyote wa London. Ile ya njano ya Jura wanasema inanukia "kari". Kari ipi? Kiini kimojawapo cha harufu yake ndicho kile kinachoipa mbegu ya uwatu harufu yake. Andika uwatu, basi. Andika ukwaju, andika ganda la chungwa lililokauka juani.

Na hatukuanza jana kuhukumu kinywaji cha namna hii. Tembo la mnazi ni jeupe kweli kweli, lina ukungu, lina povu, linachacha lenyewe bila kutiwa hamira. Pwani hakuna anayelikataa kwa sababu halipitishi mwanga. Linakataliwa likishageuka siki. Hicho ndicho kipimo: ladha na wakati.

Ila na upande wangu nauambia, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapo watengenezaji wanaouza uzembe kwa jina la asili. Kuna ladha wanayoiita ya panya, huwezi kuinusa kwenye glasi, inakuja ukishameza, nayo inang'ang'ania kooni kama kizimba kisichosafishwa. Hutokea zaidi kwenye divai zisizotiwa salfa. Anayeniambia hiyo ni "sauti ya udongo" ananidharau. Ni kosa, irudishwe na fedha irudishwe, wala tusiitungie insha.

Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na Chenin imo mashambani mwake. Sijaona hata makala moja ya Kiswahili inayouliza ingekuwaje Chenin hiyo ikiachwa na maganda yake miezi mitatu, kwenye mtungi wa udongo ambao wafinyanzi wetu wanaweza kuufinyanga. Badala yake nasoma kwamba divai yetu "bado haijafikia usafi wa kimataifa". Mwandishi wa hayo ajibu kwanza swali moja dogo: alipoionja, ilikuwa na ladha gani?