Homa si ugonjwa, ni alama: kushusha moto peke yake haitoshi

Huku kwetu mashariki, mutu akisema "niko na homa", mara nyingi anataka kusema ana malaria. Neno moja linabeba mambo mawili. Kwa muganga, homa ni mwili kupata moto, 38 ao zaidi ku termometre. Malaria ni ugonjwa mumoja tu kati ya mingi inayoleta moto huo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inaamua kama mutoto atafika ku kituo cha afya siku ya kwanza ao siku ya tano.

Mwili wenyewe ndio unapandisha moto, ili kupigana na vidudu vilivyoingia. Parasetamol inashusha moto na kupunguza maumivu, basi. Haiuwi kidudu cha malaria, wala cha nimonia, wala cha tifoide. Mutoto anaweza kupoa mangaribi na kuanza kucheza, mama akafikiri imeisha, kumbe ugonjwa unaendelea. Na malaria kali inaweza kuua mutoto mudogo ndani ya siku moja ao mbili.

Tuliyoyaona

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri, na ikatangazwa imeisha tarehe 25 Juni 2020, kisha kuua watu zaidi ya 2,200. Inaanza sawa na malaria: homa, kichwa kuuma, kuchoka. Wengi waliogopa kupimwa juu waliona watapelekwa ku CTE. Wenye malaria walichelewa nyumbani, na wenye Ebola walipita ku vituo bila kujulikana, wakaambukiza wagonjwa wengine na hata waganga.

Mwisho wa mwaka 2024, habari ya "ugonjwa usiojulikana" ilitoka Panzi. Si Panzi ya Bukavu, ni eneo la afya la Panzi, jimbo la Kwango, magaribi ya inchi. Maneno yalikuwa mengi. Vipimo vilipotoka, malaria ilionekana kwa wengi, pamoja na magonjwa ya kupumua na utapiamlo. Ugonjwa haukuwa mupya. Shida ilikuwa barabara mbaya na labo ya mbali.

Hayo tunayajua na sisi. Vita vinafunga njia, pesa hazipo, na famasi iko hapo karibu. Ndiyo maana wengi wanaanzia kule, wanatoka na parasetamol, antibiotiki, wakati mwingine na seromu, bila tone moja la damu kupimwa. Na TDR inatoa jibu kwa dakika 15 hivi ao 20.

Ya kufanya nyumbani

- Mupe mutoto maji mara kwa mara, na ziwa la mama lisikatwe.
- Mupunguzie nguo. Kumufunika blanketi nzito ao kumufukizia kunaongeza moto na kumumalizia maji mwilini. Musimwagie maji ya baridi kali.
- Parasetamol inafuata kilo. Mutoto wa kilo 10 anapata miligramu 150 kwa mara moja, isiyofika tatu ya kidonge cha 500. Musirudie mbele ya saa sita kupita, wala kupita mara ine kwa siku.
- Aspirini si ya watoto.
- Akipata degedege, mulaze upande na musimutie kitu kinywani.

Musingoje

Mutoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe mara moja. Vile vile mutoto anayeshindwa kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua mbio, aliyepata degedege, anayelala bila kuamuka vizuri, mwenye shingo ngumu, ao anayetoka damu. Wengine wapimwe ndani ya saa 24, ku kituo ao kwa RECO wa kijiji mwenye TDR. Mama mwenye mimba pia asikawie.

Kipimo kikisema hakuna malaria, musidai dawa ya malaria. Muulize: basi homa inatoka wapi? Muganga anapashwa kuendelea kutafuta.

Lakini mama hawezi kuulizwa peke yake. Kumuambia "wahi kituoni" kuna maana tu kama akifika anakuta TDR, dawa, na mutu wa kumupokea bila kumutisha. Hilo ni deni la wakubwa wa afya na wote wanaoshika njia za kufika kule.