Urafiki si Vazi

Iko methali isemayo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni methali njema, wala hapana mwenye akili atakaye kuifuta katika lugha. Lakini kila neno jema lina mahali pake. Likipelekwa pasipo pake hugeuka udanganyifu. Mahali pamoja ambapo neno hili huwadanganya watu ni katika mahori ya jimbo la North Carolina, nchini Marekani, majira ya baridi, ambako marafiki hutoka wawili watatu kuvua samaki kwa kayaki, kila mmoja akiamini kwamba wenzake ndio salama yake.

Mchezo wenyewe hauna lawama. Kayaki ni chombo chembamba kiendeshwacho kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Hupita katika vijito vya maji ya chumvi ambamo mashua ya mtambo ingekwama maji yapwapo. Wakati wa baridi samaki wa madoadoa, ambaye wenyeji humwita trauti ingawa hana ukoo na trauti wa mito, hukusanyika katika vina vya hori kutafuta maji yenye nafuu ya baridi. Mwenye subira ya kurusha chambo na kukivuta polepole hupata kitoweo na furaha pamoja. Autukanaye mchezo huu hajui autukanacho.

Lawama ni ya fikira. Wako wasemao, “Tu wengi, mmoja akianguka, wengine watamwokoa.” Hoja hii yapendeza masikioni, bali haiwezi kusimama mbele ya hesabu. Wavuvi hawakai bega kwa bega. Kila mmoja hutafuta kina chake asije akamtibulia mwenziwe samaki. Mita 300 si umbali mkubwa horini, lakini apigaye kafi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa huzikata kwa zaidi ya dakika 3. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyechunguza hali ya mwili katika maji ya baridi kali, ametoa kipimo cha namba tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza mtu hutweta bila hiari yake, na kichwa kikiwa chini huvuta maji badala ya pumzi. Kwa muda wa dakika 10 hivi viungo humtii, kisha mikono na miguu huishiwa nguvu. Huchukua kama saa 1 ndipo baridi impotezee fahamu. Jaketi la kuokoa maisha humshika kichwa juu ya maji mpaka pumzi irudi. Asiyelivaa aweza kufa katika dakika ya kwanza, rafiki yake akiwa angali anageuza chombo. Waswahili husema mfa maji haishi kutapatapa. Maji ya baridi humnyima hata huko kutapatapa.

Wengine hujitetea kwa jua. Husema mchana wa Februari waweza kuwa na joto, na mavazi mazito huuchosha mkono urushao mshipi. Hewa hupata joto kwa siku moja, maji hayapati. Mvuvi na avae kwa ajili ya maji awezayo kuangukia, si kwa hewa aivutayo. Wainuit wa Greenland, ambao kayaki ni urithi wa mababu zao, hawakungoja profesa awafundishe. Mwindaji alivaa tuilik, vazi la ngozi ya sili lililokazwa usoni, mikononi na katika mdomo wa chombo, maji yasipate njia. Tena alijifunza kukiinua chombo kilichopinduka bila ya kutoka ndani yake. Hata hivyo wengi walizama. Ikiwa mabingwa hao hawakusalimika wote, mvuvi wa siku za mapumziko aketiye juu ya plastiki ana haki gani ya kujitumainia kwa shati la pamba?

Wako tena wadaio uhuru. Sheria ya nchi nzima, wasema, yamtaka mtu mzima awe na jaketi chomboni, haimlazimishi kulivaa. Ni kweli, lakini jimbo la Massachusetts humlazimisha kila aliye katika kayaki kulivaa tangu tarehe 15 Septemba hadi 15 Mei, wala uhuru haujafa huko. Tena uhuru huo si wa mtu mmoja: aangukaye bila jaketi humwita rafiki yake katika mauti yale yale. Mnamo Januari 2018 baridi iliwapooza trauti wa North Carolina. Serikali ya jimbo ikapiga marufuku kuwavua hadi Juni, ili waliosalia wapate kuzaa. Samaki, ambaye maji ni kwao, aliwekewa ulinzi dhidi ya udhaifu uletwao na baridi. Je, binadamu, ambaye maji si kwao, ndiye asiyeuhitaji?

Basi methali isifutwe, bali ieleweke. Dhiki ya horini haianzi chombo kipindukapo. Huanza ufukweni, kabla kafi halijagusa maji. Hapo ndipo rafiki apimwapo. Amtazame mwenziwe toka kichwani hadi miguuni, na akimwona hana jaketi wala vazi lisilopenyeza maji, aseme, “Leo hatutoki.” Akichukiwa, na achukiwe. Chuki ya asubuhi hupoa kabla ya jua kuchwa. Pole za msibani hazimrudishi mtu.