Kipofu wa Hadithini na Mzee wa Nyumbani

Jioni moja katika nyumba ya askari polisi huko Kisugu, chini ya kilima cha Muyenga na si mbali na chuo cha polisi cha Kibuli, mtoto wa darasa la sita alikuwa akisoma hadithi kwa sauti. Hadithi ilimhusu mzee aliyepofuka, na mtunzi alimfananisha mzee huyo na gogo lililotupwa kando ya njia. Babu wa mtoto, mwanajeshi mstaafu ambaye presha ya macho ilikwisha kumwondolea uwezo wa kuona, alikuwa ameketi mkekani akisikiliza.

"Mjukuu wangu," akauliza, "gogo hilo lilikuwa na watoto?"

"Ndiyo, Jajja. Watatu."

"Basi kesho mwulize mwalimu wako gogo huzaaje."

Wote wakacheka, isipokuwa baba wa mtoto. Asubuhi ile alikuwa amemletea mzee karatasi za mauzo ya kiwanja cha ukoo ili atie dole gumba, wala hakumsomea. Alisema kwamba mzee haoni, kwa hiyo hapana haja ya kumsumbua. Kumbe gogo la hadithini lilikwisha kuingia nyumbani kabla ya kitabu kufunguliwa.

Hapa ndipo zinapoonekana nguvu za tamathali za usemi. Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa neno kama vile "kama" au "mithili ya". Istiari huliacha neno hilo, ikadai kwamba kitu hiki ndicho kile. Hadithi fupi haina nafasi ya maelezo marefu. Mfano mmoja tu waweza kubeba hukumu nzima juu ya mtu, na msomaji akaipokea bila kuuliza ushahidi.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuandaa njia. Mtu husema "naona afadhali tungoje", naye anakusudia kufikiri. Mwenye elimu ana mwanga, mjinga yumo gizani, na mkubwa anayeacha rushwa ipite huambiwa ameifumbia macho. Kwa mazoea hayo, kutoona hugeuka kuwa kutojua, na kutojua hugeuka kuwa kutofaa. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kufumbia macho ni tendo la mwenye macho. Asiyeona hawezi kulitenda, ila lawama yake huangushiwa yeye.

Wahenga hawakuwa na kauli moja. Waliposema "Ukipenda, chongo huita kengeza", walimcheka mwenye macho anayedanganywa na moyo wake. Waliposema "Kipofu hasahau mkongojo wake", walimpa asiyeona sifa ya kukijua kinachomfaa.

Waandishi hodari nao huigeuza mifano iliyozoeleka. Mwaka 1904 H. G. Wells wa Uingereza alitoa hadithi iitwayo "The Country of the Blind", yaani Nchi ya Vipofu. Nunez, mpanda milima, anaporomoka na kuangukia bonde la milima ya Andes ambamo watu wote hawaoni tangu vizazi vingi. Anaikumbuka methali isemayo kwamba katika nchi ya vipofu mwenye chongo ni mfalme, akadhani ufalme umemfikia. Hata hivyo, nyumba za huko hazina madirisha, njia zimetengenezwa kwa ajili ya miguu ya wenyeji, na kazi hufanywa usiku. Nunez ndiye anayejikwaa. Mwishowe mganga wao anaamua kwamba macho yake ndiyo ugonjwa unaomvuruga akili. Hadithi nzima ni jibu kwa methali moja.

D. H. Lawrence naye alichapisha "The Blind Man" mwaka 1920. Maurice Pervin ni askari aliyepofushwa vitani huko Flanders, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza. Amerudi shambani kwa mkewe, anakamua ng'ombe na kuhudumia farasi. Giza lake si shimo tupu. Mara nyingi mwandishi hulifanya kama maji yanayojaa polepole na kumzunguka, ingawa ziko siku ambapo linamchafukia. Rafiki wa mkewe, mwanasheria mwenye macho mazima, anaombwa na Maurice aguse macho yake yenye makovu. Askari anafurahi kwa kuwa amepata rafiki. Mgeni anavunjika moyo, na mwishoni anafananishwa na kiumbe wa baharini ambaye gamba lake limepasuliwa. Mfano wa udhaifu umewekwa juu ya yule asiyetarajiwa.

Basi mzazi anayemsikiliza mtoto akisoma, au mwalimu anayefundisha hadithi ya namna hii, na aulize mambo matatu. Je, kipofu huyu ni mtu, au ni alama tu ya ujinga wa wengine? Mfano uliotumika unatokana na maisha yake, au na hofu ya yule anayemtazama? Na je, yeye mwenyewe anapewa nafasi ya kusema? Ikiwa kwa swali la mwisho jibu ni hapana, tamathali ile imemnyamazisha.

Usiku ule huko Kisugu, baada ya kitabu kufungwa, askari yule alizichukua zile karatasi akamsomea baba yake, mstari kwa mstari. Walipofika kwenye mipaka, mzee akamsimamisha. Kiwanja kilikuwa kimeandikwa hadi barabarani, ilhali ukoo ulikwisha kumwachia jirani kipande cha njia ya kupitia, naye mzee ndiye aliyekipima kwa miguu yake. Hapana mwingine nyumbani aliyelijua jambo hilo.

Dole gumba lilitiwa baadaye, karatasi zilipokwisha kusahihishwa.