Mbegu peke yake haitamaliza minyoo fundo



Natoa maoni yangu juu ya minyoo fundo, adui mkubwa wa wakulima wa tumbaku hapa kwetu Urambo.

Minyoo hii ni midogo mno. Huingia katika mizizi, mizizi ikafanya vinundu, na mche ukadumaa na kunyauka mchana ingawa ardhi ina unyevu. Wengi hudhani ni upungufu wa mbolea. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na mengine hubaki udongoni yakingoja tumbaku ya msimu ujao.

Siku hizi zipo mbegu zinazostahimili minyoo hii, na wataalamu wanastahili shukrani. Katika mche wa namna hiyo, chembe za mzizi zinazomzunguka mnyoo hufa, naye akakosa chakula. Lakini tunapogawiwa mbegu hatuelezwi kwamba minyoo fundo ni ya aina nyingi, na mbegu inayostahimili aina moja huweza kushindwa na nyingine. Kule Marekani mbegu iitwayo NC 95 ilitolewa mwaka 1961 ili kuizuia Meloidogyne incognita, lakini kwa Meloidogyne javanica haikufua dafu. Wenzetu wa Zimbabwe, ambako hiyo javanica ndiyo imeenea, iliwabidi kutafuta mbegu zao katika kituo cha utafiti cha Kutsaga.

Kwa kutoelezwa hayo, wakulima wengine hupanda tumbaku juu ya tumbaku kila mwaka. Shamba likishindwa, hufyeka miombo na kufungua jipya. Misitu inakwisha, na deni la pembejeo linabaki palepale.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kila pakiti ya mbegu iandikwe kwa Kiswahili inastahimili minyoo ya aina gani. Pili, mabwana shamba wachukue udongo wa mashamba yetu ukapimwe kabla mbegu hazijagawiwa. Tatu, sisi wakulima tung'oe mashina pamoja na mizizi mara tu baada ya mavuno, na shamba lipandwe karanga au liachwe nyasi kabla ya kurudishiwa tumbaku.

Mbegu nzuri ni ngao, lakini ngao bila mpiganaji haishindi vita. Wahusika walitazame jambo hili kabla ya msimu kuanza.

Mkulima wa Tumbaku,
Urambo, Tabora.