Umepewa Nafasi, Je, Umepewa na Muda?

Mwezi huu nivumilie kidogo, nataka kuongelea pikipiki. Sio bodaboda, naongelea zile za mbio ambazo shemeji yenu hung'ang'ania kuziangalia kwenye TV Jumapili mpaka chakula kinapoa. Mwanzoni nilikuwa naangalia shingo upande, ila kuna ndugu wawili wa Afrika Kusini wamenifanya nikae kitako.

Mashindano haya yana madaraja matatu. Chini kuna Moto3, injini ya cc 250. Katikati Moto2, cc 765 tangu mwaka 2019. Juu kabisa ni MotoGP, na katika miaka ninayoisimulia ilikuwa cc 1000, nguvu za farasi zaidi ya 250. Sio mchezo!

Brad Binder, kaka mtu, alipanda ngazi moja moja. Bingwa wa Moto3 mwaka 2016, misimu mitatu Moto2 (2019 akaukosa ubingwa kwa pointi 3 tu, jamani), kisha MotoGP mwaka 2020. Mbio zake za tatu tu, kule Brno, akashinda.

Mdogo wake, Darryn, akaruka. Mwaka 2022 alitoka Moto3 moja kwa moja hadi MotoGP. Wapo waliosema ana haraka, mimi simlaumu. Waendeshaji wa kudumu mwaka huo walikuwa 24 dunia nzima, sasa nani ageuze kisogo mlango ukifunguka? Na Indonesia, kwenye mvua, alimaliza wa 10. Lakini baada ya msimu mmoja timu yake ikahama kutoka Yamaha kwenda Aprilia, naye akajikuta Moto2, daraja alilolipita juu kwa juu.

Hapo shemeji yenu huniletea habari za Jack Miller wa Australia, aliyeruka vilevile mwaka 2015 na mwaka uliofuata akashinda Assen. Kweli kabisa. Ila Miller alisaini na Honda miaka mitatu. Alikuwa na muda wa kuanguka, kuumia na kujifunza.

Sasa wewe na mwenzio mkiletewa ofa nono, najua swali la kwanza ni mshahara, la pili gari. Hivi mnauliza mtapewa muda gani wa kujifunza kazi?

Kwetu hili liko mezani. Shemeji yenu ameitwa kuwa meneja wa kanda Mwanza, ngazi mbili juu ya alipo, na barua inasema miezi sita ya majaribio. Kazi yangu iko Dar, mtoto ndio kwanza kaanza darasa la kwanza. Nimemwambia aruke tu, sipingi, ila akaombe mwaka mmoja na nusu, tena kwa maandishi. Wakikataa, ile nafasi ya hapa Dar, ngazi moja juu, bado haijapata mtu. Anakutana nao Jumatatu. Shati nimeshampigia pasi.