Mpira uwe kama jando la Askofu Lucas



Huku Masasi na Newala, msimu wa korosho ukiisha, vijana hujaa viwanjani. Kanisa likitoa mpira na jezi, huja hata wasiokanyaga ibadani. Lakini mtaani kwetu tuliishia kwenye sala fupi kabla ya filimbi. Mwaka jana fainali ya kugombea mbuzi iliisha kwa ngumi, na watoto wetu wa kipaimara walikuwemo. Iliniuma sana.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakulifuta jando la wenyeji. Aliliingiza Kanisani, wavulana wakafundwa imani pamoja na utu uzima. Nguvu ya jando hilo ilikuwa kule kukaa na wavulana.

Mpira nao unataka mlezi anayekaa na timu: mazoezini, mchezaji akifiwa, hata akipewa kadi nyekundu. Na mabinti wa netiboli wasisahauliwe.

Nawaomba mapadri na wazee wa kanisa, kabla ya kununua jezi za msimu ujao, teueni walezi.

Mlezi wa vijana,
Newala