TUSITIE SAHIHI SANDUKU TUSILOLIJUA



Sisi wa nchi za bara tunafunga chai na kahawa kila siku, na mizigo hiyo hushuka hadi Mombasa au Dar es Salaam kwenda ng'ambo. Lakini mara nyingine katikati ya mizigo huwamo sanduku moja lililoandikwa "vinyago" tu. Tajiri anasema: pigilia misumari, tia sahihi, fanya haraka. Nasi tunatia sahihi. Leo tunataka kusema juu ya sanduku hilo.

Kinyago kilichochongwa mwaka huu ili kiuzwe ni bidhaa halali, na mchongaji anastahili kula jasho lake. Kitu cha kale ni jambo lingine. Tanzania ilitunga sheria ya mambo ya kale mwaka 1964. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na kitu cha kale hakiruhusiwi kutoka bila kibali. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema kwamba kuandika uongo juu ya mzigo ni kosa. Na pembe ya ndovu ndiyo moto kabisa: mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku katika biashara ya kimataifa, na bangili ya babu isiyo na hati inaweza kukamatwa sawa na pembe ya jana.

Sasa sanduku likifunguliwa forodhani, nani atashikwa? Mnunuzi yuko Ulaya au Marekani. Mlanguzi aliyeuza hakuandika jina lake popote. Waliobaki ni karani aliyejaza hati, dereva aliyekutwa na mzigo, na kuli aliyeupakia. Faida ni yao, kuti kavu tumekalia sisi.

Tutazame yaliyowapata jirani zetu wa pwani ya Kenya. Wamijikenda huwachongea wazee wao wa chama cha Gohu nguzo za ukumbusho ziitwazo vigango. Kigango kikisimikwa hakihamishwi. Hukaa hapo mpaka kioze, kwa kuwa kukiondoa ni kumsumbua marehemu na kuwaletea balaa walio hai. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee aliyesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Vilikuja kuonekana Marekani, katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili, na kazi ya kuvirudisha ilimalizika mwaka 2007. Zaidi ya miaka 20!

Tuseme kweli bila kuficha: mara nyingi waliong'oa vigango walikuwa vijana wa huko huko, wasio na kazi. Walipewa vijisenti, na wafanya biashara wakajaza mifuko. Mtu mwenye njaa akiuza kaburi la babu yake, kosa ni lake, lakini njaa hiyo si yake peke yake. Ndiyo maana hatuwezi kupigania urithi huku tukinyamaza juu ya mishahara.

Na liko jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Vigango vilipotoka, hakuna aliyeuliza. Vilipoanza kurudi, forodha ikauliza kodi! Vile vilivyotoka chuo kikuu kimoja cha California vilikwama uwanja wa ndege wa Nairobi kwa sababu ya madai ya ushuru. Makumbusho ya Denver yalikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30, navyo havikufika Kenya mpaka mwaka 2019. Mali iliyoibwa inawezaje kutozwa ushuru kwa kurudi nyumbani kwake? Tunasema serikali zetu ziondoe kodi hiyo, na ziiondoe kwa maandishi, ili karani wa forodha asilazimike kukisia.

Kwa upande wetu, mambo ni matatu. Kwanza, mfanyakazi asitie sahihi mzigo ambao hakuuona ukifungwa. Pili, sanduku likiwa na kitu kinachoonekana cha kale, tuulize kibali kabla ya kupiga msumari, na tumwite mwakilishi wa chama awe shahidi. Tatu, mwenzetu akifukuzwa kazi kwa kuuliza swali hilo, lisiwe shauri lake peke yake. Ni shauri la tawi zima.

Na yule mwenye kigoda cha babu nyumbani, ambaye karo ya mtoto imemkaba, asikimbilie kwa mlanguzi usiku. Aje kwanza kwenye tawi. Karo hukopwa na hulipwa. Kigoda kikishavuka bahari, wajukuu watakitazama kwenye picha.

Mikono inayofunga sanduku ina haki ya kujua kilichomo.